Kahawa Juu ya Kaburi la Danieli

Kwa wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya neno moja nililolitamka mchana kweupe, mbele ya watu, kwa sauti ya adabu. Neno lenyewe lilikuwa "ndiyo." Konseli wa Marekani aliniuliza swali kando ya kaburi, nikamjibu, "Ndiyo, bwana," naye akaliandika jibu langu kwenye daftari. Tangu hapo nikawa najiuliza kama karani anaweza kumuua mtu kwa kukubali tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni juzi, na akili yangu ilikuwa kama kuku aliyefungiwa ndani: hakuna pembe ambayo haikupekua.

Nimestaafu mwezi uliopita. Ninyi vijana mnaobaki ofisini mmeniomba niandike yale niliyoyaona, ili msiyarudie. Vyeo na mishahara sitaviandika; vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mishahara mnaijua. Nitaandika hasa ya mwanzo, maana huko ndiko nilikojifunza kazi, na nilijifunza kwa kushtushwa.

Nilizaliwa Muleba katika nyumba ya Kilutheri. Baba alikuwa seremala wa misheni. Mama alikuwa Mnyambo wa Nyakakika, Karagwe, aliyekuja kuolewa na watu ambao dada zake waliwaona wanajidai. Kwa hiyo nyumbani tulisema Kihaya na baba, Kinyambo na mama, shuleni Kiswahili, chuoni Kiingereza, nami niliogopa katika lugha zote nne.

Ofisi ya konseli ilikuwa mbali na kwetu: unavuka ziwa kwa meli, kisha unapanda reli. Kwa asiyejua, konseli ni mtu anayekaa nchi ya wengine ili kuwaangalia raia wa nchi yake walioko huko. Mmarekani akizaliwa huku, yeye humwandikisha. Akipoteza hati ya kusafiria, yeye humpa nyingine. Akifungwa, humtembelea, akifa, hukusanya vitu vyake na kuwaandikia jamaa zake. Mwindaji mmoja aliwahi kuja kuomba konseli amrudishie mbwa aliyechukuliwa na chui. Hilo halikuwa katika kanuni, lakini tulimfungulia faili.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na karani mkuu, Bwana Pinto, Mgoa mwenye mvi na suti moja ya kijivu ambayo sikuwahi kuiona ikiwa na kunyanzi. Alinipa kazi rahisi: kuandika kwamba tumepokea barua ya mmisionari fulani. Nilifikiri sana. Nikiandika "tumepokea," nani amepokea? Mimi sikuwepo barua ilipofika. Nikiandika tarehe ya leo, je, atadhani imefika leo? Kufikia mchana nilikuwa na rasimu kumi na moja. Bwana Pinto alizisoma zote, moja baada ya nyingine, kisha akavua miwani.

"Mwanangu Zakaria," alisema, "hii ni risiti. Si wosia."

Alinifundisha pia lakiri. Nyinyi wa leo mnafunga bahasha kwa gundi na kuondoka. Sisi tulikuwa na kijiti cha nta nyekundu: unakishika juu ya mshumaa, unaacha matone matatu yaanguke pale bahasha inapofungwa, unahesabu mpaka nne, ndipo unagandamiza muhuri. Ukiwahi, nta inanata kwenye muhuri, ukichelewa, inapasuka. Na bahasha ikishatiwa lakiri, karani haruhusiwi kuifungua. Karani aliyevunja lakiri ya konseli bila amri alifukuzwa siku hiyo hiyo. Kanuni hiyo ilibandikwa ukutani, na kwa kuwa ile karatasi ya zamani ilikuwa imechakaa, mimi ndiye niliyepewa kuichapa upya.

Lakini somo kubwa la Bwana Pinto lilihusu vifo. Kifo kilikuwa na karatasi tatu: tamko la kifo, orodha ya mali, na barua kwa jamaa. "Mbili za kwanza ukikosea, utasahihisha," alisema. "Ya tatu haina masahihisho. Mama akishaambiwa mwanawe amekufa, huwezi kumwandikia tena kwamba samahani, tulihesabu vibaya." Ndiyo maana konseli wetu, Bwana Tolliver, hakutangaza kifo chochote kabla ya kuliona kaburi kwa macho yake na kumwapisha shahidi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye tumbo bovu. Alisafiri siku nyingi kwenda kuona vilima vya udongo ambavyo wengine wangevitaja kwa simu ya upepo tu.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kufungua barua. Ndivyo nilivyomjua mama yake Danieli.

Danieli alikuwa mtafuta madini. Alikwenda Karagwe watu walipoanza kuchimba bati katika vilima vya Kyerwa, akamwandikia mama yake mara kwa mara kwa miaka kadhaa, kisha akanyamaza ghafla. Mama huyo aliishi shambani huko Marekani, na kila mwezi alimwandikia konseli. Hakulalamika wala hakudai. Aliuliza tu. Je, huko aliko kuna mvua? Kuna mtu wa kumshonea vifungo, maana yeye hajui kushika sindano? Anakula nini? Barua moja ilikuwa na swali moja peke yake: ndizi za huko hupikwa au huliwa mbichi? Mimi ndiye niliyejibu, kwa sahihi ya konseli: "Hatuna habari mpya." Niliandika hivyo mara sita. Mara ya saba nilitaka kuongeza kwamba ndizi hupikwa, lakini nilifikiri sana, nikaacha.

Kisha Bwana Shauri wa upande ule, yaani ofisa wa serikali ya wilaya, akatuandikia kwamba mkungu mmoja, mkuu wa kijiji, ameleta habari: Mmarekani Danieli amekufa kwa homa, amezikwa migombani, kwenye kibanja cha Mnyambo aitwaye Bitegeko, juu ya Nkwenda. Bwana Tolliver akaniita.

"Unajua lugha ya huko?"

"Ni lugha ya mama yangu, bwana."

"Basi utakuwa masikio yangu," alisema. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Ningekuwa na busara ningeogopa.

Tulisafiri kwa reli, kwa meli mpaka Bukoba, kwa lori la mizigo mpaka Nkwenda, na mwisho kwa miguu kwa muda wa saa tatu hivi, tukipanda. Konseli alitembea mkono mmoja tumboni. Mimi nilibeba mkoba wa karatasi, na kichwani nilibeba maswali: nikisahau neno la Kinyambo mbele ya watu wa mama yangu itakuwaje?

Bitegeko alitupokea mlangoni, nami nikamwambia mama yangu ni wa Nyakakika. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya mchimbaji. Alikuwa amefanya kazi na Danieli tangu mwanzo, yeye akichimba na Mzungu akiosha mchanga. Mkewe, Kokushubira, alipiga magoti kutusalimia, akatuletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kukaushwa, kama mgeni anavyopewa katika kila nyumba ya kwetu. Konseli aliipokea kwa mikono miwili, akatafuna, akakunja uso, akashukuru. Kisha akaomba kuliona kaburi.

Hapo nikamwona Kokushubira akiinuka haraka mno. Alitangulia kuingia migombani karibu akikimbia. Tulipofika kaburini alikuwa ameinama, anakunja mkeka. Alikuwa amechelewa. Nusu ya kahawa yake, matunda mekundu yaliyochumwa jana yake, yalikuwa yamemwagika juu ya tuta la udongo, na mengine yalikuwa bado yametandazwa vizuri upande wa pili, yanaanikwa juani.

Niliganda. Kwetu kaburi liko ndani ya kibanja, ni kweli, karibu na nyumba, ili marehemu asiwe mbali na watu wake. Lakini hakuna mwanamke wa Kihaya wala wa Kinyambo ambaye angeanika kahawa juu ya mtu. Hata mtoto akikimbilia mpira pale huitwa kwa ukali. Kokushubira alikuwa ameanika kwa sababu pale palikuwa na jua na mwinuko, na kwa sababu alijua chini ya udongo ule hakuna kitu.

Bwana Tolliver alivua kofia. Alitazama matunda yale mekundu, akakumbuka kikapu cha mlangoni, na sura yake ikalegea kwa huzuni nzuri. "Ni desturi ya hapa?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Kuweka kahawa kaburini?"

Nataka mnielewe. Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja, na ndani ya pumzi hiyo nilifikiri yafuatayo: nikisema hapana, ataniuliza maana yake, nikimwambia maana yake, nitakuwa nimewaita watu wa mama yangu waongo mbele ya Mzungu, labda huku Kyerwa wana desturi nisiyoijua, mimi ni mtu wa Muleba, labda mwanamke huyu hana akili timamu, na mimi ni nani, karani wa miezi saba? Bitegeko alikuwa ananitazama. Mkewe alikuwa ananitazama, mkeka kifuani.

"Ndiyo, bwana," nilisema.

Konseli akaandika: kaburi linatunzwa vizuri, limepambwa kwa kahawa kwa desturi ya wenyeji.

Kiapo kilifanyika uani. Konseli alitoa Biblia yake ya safari. "Muulize kama anajua maana ya kiapo."

Nilimuuliza. Bitegeko akacheka kidogo. "Nakijua kiapo kuliko yeye. Mwambie aendelee."

"Anasema anajua," nilitafsiri.

Aliweka mkono juu ya kitabu akaapa kwamba amemzika Danieli kwa mikono yake. Kisha tukaandika mali: karai la kuoshea madini, nyundo mbili, sururu, chandarua, kofia, vitabu viwili, sanduku la bati. Konseli alipitia orodha mara mbili.

"Buti zake ziko wapi?"

"Alizikwa nazo," alisema Bitegeko.

"Na wembe? Na blanketi?"

"Navyo pia."

"Alizikwa na wembe?"

Bitegeko alifikiri. "Mwambie huko aliko watu wananyoa."

Nilitafsiri hivyo hivyo. Konseli akaandika, kwa mwandiko wake mzuri: buti, wembe na blanketi vilizikwa pamoja na marehemu.

Tulirudi Nkwenda, kwenye nyumba ya wageni ya serikali, na hapo, baada ya kujaza tamko la kifo, alinisomea ile karatasi ya tatu, nikaiandika. Sikuwahi kuona barua nzuri vile. Alimwambia yule mama kwamba mwanawe amelala kati ya migomba, kwenye kilima chenye upepo, karibu na nyumba ya watu waliompenda, na kwamba wanawake wa huko humwekea kaburini matunda ya kwanza ya kahawa. Niliandika neno hilo, wino ukadondoka, nikarudia ukurasa. Nilimwaga matone matatu ya lakiri, nikahesabu nne, akagandamiza muhuri. Lori la barua lilikuwa linapita mara moja kwa wiki. La wiki ile lilikuwa limepita asubuhi hiyo.

Siku ya pili konseli alishikwa na homa, akalala. Basi bahasha ikakaa mezani siku sita, nami nikakaa nayo. Nilikonda. Nilijiambia kwamba shahidi ameapa, si mimi. Nilijiambia kwamba labda wamemzika mahali pengine. Nilijiambia kwamba Bwana Pinto angejua la kufanya, lakini Bwana Pinto alikuwa ng'ambo ya ziwa, na nilijua angesema nini: karani haulizwi anafikiri nini, anaulizwa ameona nini. Na nilichokiona ni kahawa.

Siku moja kabla ya lori, asubuhi, nilimwambia konseli kwamba nakwenda kuwasalimia jamaa za mama. Aliitikia kwa kichwa bila kufumbua macho. Nikapanda kilima peke yangu.

Nilimkuta Kokushubira analima, hatua mbili kutoka kaburini. Mkeka wa kahawa ulikuwa umetandazwa juu ya tuta, umejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja bila Mzungu wako?"

"Anaumwa."

"Pole yake. Tumbo?"

"Homa."

"Tumbo litafuata. Ameila kahawa yangu kama mtu anayekula kokoto." Aliegemea jembe. "Umesahau nini huku?"

"Nimesahau kuuliza, mama. Kuhusu hii." Nikaonyesha mkeka.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Uulize nini tena? Wewe si ulijibu? Ulijibu vizuri sana. Tulikaa jioni ile tunakusifu. Mume wangu alisema: mtoto wa Nyakakika hata akivaa kola, kwao hakusahau."

Siku sita nilikuwa nimejiita mwoga, na huku wao walikuwa wameniita shujaa. Walidhani nimewaficha kwa makusudi. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili lilinishtua zaidi.

Bitegeko alitokea mlangoni. "Oo, msomi amerudi! Umeleta kitabu kingine tuape?"

"Mzee, shikamoo. Naomba uniambie ukweli. Kesho barua inakwenda kwa mama yake."

"Marahaba. Iende. Ndiyo kazi yenu, kupeleka barua."

"Uliapa kwa Biblia."

"Nikaapa." Alikaa kwenye gogo, akaninyooshea kidole, bila hasira. "Sikiliza, mwanangu. Kabla ya kitabu chenu nilikuwa nimeapa kingine. Mimi na Danieli tuna mukago. Unaujua?"

Niliujua. Ni udugu wa damu. Watu wawili huchanjwa tumboni, karibu na kitovu. Huchukuliwa punje mbili za kahawa za tunda moja, kila moja hupakwa damu ya mmoja, na kila mtu humeza ya mwenzake. Baada ya hapo ndugu huyo akikuomba kitu huwezi kumnyima. Ukimsaliti, tumbo hukuvimba ukafa. Misheni ilikuwa imetukataza hata kuutaja. Nilijua habari za mukago kama mtu anavyojua habari za vita, kwa kusimuliwa. Sikuwahi kufikiri kwamba Mzungu anaweza kuwa nao.

"Danieli aliniomba," alisema Bitegeko. "Akasema: waambie nimekufa. Ningefanyaje? Kiapo cha kitabu chenu kinaadhibu mtu akishakufa. Kiapo cha kahawa kinaadhibu kabla ya mavuno."

"Kwa hiyo yuko…"

Sikumaliza. Sauti ilitoka nyuma ya nyumba, kutoka migombani, kwa Kinyambo safi chenye mkazo wa ajabu. "Bitegeko, mlete huku. Nimechoka kuwa maiti."

Kokushubira ndiye aliyenishika mkono akanivuta kama mbuzi wa mahari.

Kulikuwa na kibanda kidogo cha nyasi, na mbele yake alikaa mtu mzima wa Kizungu, ndevu zimenyolewa safi, blanketi magotini, buti miguuni. Nilitafuta sura ya mtu mwovu, nikaona sura ya mtu anayeumwa. Kisha nikaona mikono yake. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekunjwa kama makucha na vingine havikuwa vizima. Ulikuwa ukoma.

"Kaa," alisema. "Wote wananiambia wewe ni mtu mwema."

"Si kweli," nilisema. "Niliogopa tu."

Alicheka, ikawa mara yangu ya kwanza kumwona mtu aliyekufa akicheka. Kisha akaniuliza kama mama yake bado anaandika. Nikamwambia anaandika kila mwezi. Akauliza anasema nini. Barua zile nilikuwa nimezisoma mara nyingi, nikizifungua, nikizipanga, nikizijibu, na kwa hiyo nilimsomea kwa kichwa: ya mvua, ya vifungo, ya ndizi. Aliposikia ya vifungo alishusha macho kwenye shati lake. Vifungo vyote vilikuwepo, vimeshonwa kwa uzi wa katani, kazi ya Kokushubira.

"Kwa nini uliacha kumwandikia?"

Alinyanyua mkono wake. "Kalamu ilinianguka. Niliokota, ikaanguka tena. Anaujua mwandiko wangu tangu nikiwa mdogo. Angeona umebadilika, angeuliza. Akiuliza ningemwambia nini? Angepanda meli, yule. Hamumjui. Angekuja mpaka hapa na sindano yake."

"Na ukimwambia umekufa?"

"Atalia mwaka, atapumzika. Mtu aliyekufa haongezeki kuumwa." Alivuta blanketi magotini. "Na serikali ikijua nipo, watanipeleka kambi ya wakoma, na huyu watamfunga kwa kuapa uongo. Hapa nina ndugu. Huko nitakuwa na kitanda."

Mimi niliyekuwa na majibu kumi na moja kwa risiti moja sikuwa na hata moja. Hatimaye nilisema jambo lililotoka lenyewe. "Mzee Danieli, miezi saba nimemwandikia mama yako kwamba hatuna habari. Lilikuwa jibu baya, lakini akilisoma alikuwa anaandika tena. Akisoma hili la kesho, hataandika tena. Mimi ndiye nitakayekuwa nimemnyamazisha, na nimekuona umevaa buti."

Bitegeko alisogea. "Usimsumbue mgonjwa."

"Mwache," alisema Danieli. Akanigeukia. "Usiseme nilipo."

"Sitasema ulipo. Lakini siwezi kusema tena kwamba umekufa."

"Watakufukuza kazi."

"Ndiyo," nilisema, na safari hii nilijua ninachokikubali.

(Wanaotaka kujua: aliishi pale miaka mingi, na hata dawa ya ukoma ilipokuja upande wetu, aliipata akiwa hai. Mama yake alipata barua baada ya mavuno, maneno ya Danieli kwa mwandiko wangu, na jambo la kwanza alilojibu lilikuwa kwamba mwandiko wangu ni mzuri lakini unakwenda upande. Bitegeko hakufungwa, hakuna aliyemuuliza tena. Tumbo lake halikuvimba. Mimi sikufukuzwa, ila vyeo vilichelewa. Lakini siku ile, nikishuka kilima, sikujua lolote kati ya hayo.)

Asubuhi ya lori nilimkuta konseli ameketi kitandani, amejifunika shuka mabegani, rangi imemtoka. Bahasha ilikuwa mezani palepale. Nilisimama mbele yake kama mshtakiwa.

"Bwana, uliponiuliza kaburini kuhusu kahawa, nilikujibu uongo. Kwetu hakuna anayeanika kahawa juu ya mtu."

Niliona akikumbuka mkeka, buti, blanketi, wembe. Niliona yote yakijipanga usoni mwake, moja baada ya jingine, mpaka midomo ikafunguka.

"Mungu wangu," alisema. "Nimemwandikia kwamba ni matunda ya kwanza."

"Ndiyo, bwana."

"Yuko hai?"

"Bwana, ukiniamuru nitajibu. Nimeahidi kutosema alipo. Naomba usiniamuru leo."

Akafunika uso kwa viganja. Mabega yalitetemeka, sikujua kama ni homa au kicheko au kitu kingine. Alipoondoa mikono, macho yalikuwa mekundu.

"Unaijua kanuni ya mkalimani aliyetafsiri uongo?"

"Naijua, bwana. Nimeichapa mimi."

"Na ya lakiri?"

"Ipo mstari wa chini yake."

Nje, lori lilisikika likipanda kuingia Nkwenda. Alijilaza, akageukia ukutani. "Nina homa, Zakaria," alisema kwa sauti ya uchovu. "Mtu mwenye homa hawezi kutoa amri. Lolote litakalofanyika katika chumba hiki asubuhi hii, karani amelifanya kwa hiari yake, na atawajibika yeye."

Nilielewa alichokuwa ananipa, na alichokuwa hanipi.

Nikachukua bahasha. Nta ilikuwa ngumu, imekaa vizuri, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikaweka kidole gumba katikati ya muhuri, nikavunja. Nilitoa ile barua nikaichana vipande vinne, na tamko la kifo pamoja nayo. Kisha nikafungua daftari la safari kwenye ukurasa wa kaburi, na chini ya mwandiko mzuri wa konseli nikaandika: "Kifo hakikuthibitishwa. Mkalimani alisema uongo kwa hofu." Nikatia sahihi jina langu lote, na la baba yangu, nikatoka kumpa dereva mfuko wa barua zilizobaki.